Nusu ya nyumba haina umeme: barua kwa Neema

Neema mama,

Umeniuliza kwa nini taa zinawaka nyumba nzima lakini soketi za jikoni zimekufa, na kama jirani yako yuko sahihi kusema ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, umeisha. Hapana. LUKU ikiisha, giza ni la nyumba nzima, haichagui chumba. Tatizo limo humo ndani.

Anza na sakiti breka, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Chomoa kila kitu jikoni kwanza. Breka iliyojikata wakati mwingine husimama katikati, kwa hiyo ishushe hadi chini ndipo uipandishe. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja, kitakachoiangusha umekipata. Ikianguka wakati hakuna kilichochomekwa, iache hivyo hivyo, usishindane nayo.

Breka zikiwa juu zote na soketi bado zimekufa, huenda kuna waya uliolegea au uliokatika. Hapa ndipo tesa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia, huwadanganya watu: inawaka, wanasema umeme upo, kumbe fezi, waya unaoleta umeme, imefika na nyutro, waya unaourudisha, imekatikia njiani. Na kwa kuwa soketi nyingi huungwa kwa kurukia moja hadi nyingine, skrubu iliyolegea inaweza kuwa kwenye soketi ya mwisho inayofanya kazi, wala si ile iliyokufa. Mgusie fundi jambo hilo usikie anajibuje. Ukinusa plastiki inaungua, zima meni swichi kwanza.

Taa za nyumba nzima zikianza kuwaka kali mno au kufifia ovyo, hapo pia zima meni swichi na upige simu TANESCO. Lakiri ya mita fundi wa mtaani asiiguse.

Fundi mwenyewe awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie akuoneshe, hakuna aibu. Aje na mita ya kupimia. Akikutajia vifaa vya kununua kabla hajafungua hata soketi moja, mshukuru kwa kuja. Ninayemwogopa zaidi ni yule wa "tuweke breka kubwa." Waya wa milimita 2.5 ukiupa breka ya ampea 40, ni kweli haitaanguka ovyo tena. Utakaoungua ni waya, ndani ya ukuta.

Mpigie mwenye nyumba kabla kazi haijaanza, mkubaliane nani analipa. Gharama ya ukaguzi itajwe mbali na ya kazi, na risiti uzitunze. Friji ihamishie sebuleni kwa leo, ichomeke moja kwa moja ukutani bila ekstensheni.

Baba yako