Kazi ya kuosha magari ukiwa unasubiri hifadhi Uingereza

Pole na kusubiri, kaka. Umesema una miezi tisa Manchester bila majibu ya hifadhi, na kuna Mkongo mwenzetu anakuita ukaoshe magari, malipo mkononi. Usiende. Tangu sheria ya uhamiaji ya 2016, kufanya kazi bila ruhusa ni kosa la jinai, na huyo bosi akikudhulumu utamshtaki wapi?

Subiri itimie miezi kumi na miwili tangu uombe. Kama ucheleweshaji haukutokana na wewe, wewe au wakili wako mnaandikia Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, kuomba ruhusa ya kazi. Haiji yenyewe, lazima uombe. Ukipewa, bado utabanwa kwenye orodha ya kazi wanazozitaka wao, nyingi za kitaalamu. Kuosha magari haimo. Mimi naona ni uonevu, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa sasa unaruhusiwa kujitolea kwenye mashirika ya hisani, na nauli wanaweza kukurudishia. Nenda, Kiingereza kitanyooka na utapata mtu wa kukuandikia barua ya sifa. Vyeti vyako vya Bukavu anza kuvitafuta leo.