Harufu ya mkojo wa paka katika nyumba ya mbao

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini nyumba yako ya mtaa wa Himbi bado inanuka mkojo wa paka, ilhali wapangaji wamehama na sakafu imesuguliwa kwa sabuni mara tatu. Mkojo ukikauka huacha chembe za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki vizuri katika maji, na kila mvua inapoleta unyevu, harufu huamka upya. Nakusihi usimwage Javel, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, juu yake, kwa sababu ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi yenye kudhuru mapafu.

Piga magoti unuse ubao mmoja mmoja, hasa kwenye pembe na pale mbao zilipoingia weusi. Tafuta dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja asidi hiyo, uimwage hadi ipenye kina kilekile mkojo ulikopenya, kisha uiache ikauke yenyewe. Siki hupunguza harufu tu, haiimalizi. Katika nyumba yangu hapa Goma niling'oa mbao mbili nikakuta udongo mweusi wa chini umelowa. Nilipouchota na kuweka mwingine mkavu, ndipo chumba kikaanza kukalika. Rangi ipakwe baada ya hapo, si kabla.