“Sumu Inatoka”: Sumu Gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, niko Morogoro. Nina presha, natumia dawa ile ya kukojoza mwaka wa pili sasa. Nilikuwa na kilo 92, nikanunua kifurushi cha siku 21 mtandaoni kwa Sh 180,000: kapsuli za asubuhi, chai ya usiku na ratiba ya kula (supu ya kabichi, yai moja, matango, nusu parachichi). Leo siku ya tisa nina kilo 85.8. Shida ni kizunguzungu, mdomo mkavu, usingizi sina, njaa siisikii kabisa, naharisha kila asubuhi, na jana usiku miguu ilikaza mpaka nikalia. Nilipouliza kwenye grupu la WhatsApp, kocha akasema ni sumu inatoka, nivumilie. Wenzangu wakanijibu hivyo hivyo na kunipa hongera. Kuna dada mmoja aliyemaliza kifurushi mwezi wa pili, akalalamika nywele zinanyonyoka, akaondolewa kwenye grupu. Kampuni imesajiliwa, cheti cha BRELA nimekiona kwa macho yangu. Je, niendelee? Na hiyo sumu itaisha siku ya ngapi? Mdogo wangu wa Kilosa naye ameshalipia, mzigo wake unakuja kwa basi Ijumaa.

JIBU: Marahaba. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, na ndiyo maana jambo la kwanza nakutuma kwa daktari.

Acha leo. Usiseme “nimalizie hii wiki”. Kapsuli na chai weka pembeni pamoja na makopo yake, usitupe. Kesho asubuhi nenda hospitali na mwambie daktari hivi: natumia dawa ya presha ya kukojoza, nimeharisha siku tisa, miguu inakaza. Hapo atajua apime nini, kuanzia potasiamu, figo na sukari hadi umeme wa moyo. Moyo ukianza kuruka mapigo au ukiona unataka kuzimia, usingoje kesho, nenda usiku huo huo. Dawa ya presha usiiache wala kuipunguza kwa akili yako. Hilo nalo muulize yeye.

Haraka yote hii ni kwa sababu dawa nyingi za presha za kukojoza kama yako zinatoa potasiamu kupitia mkojo. Kuharisha kunatoa nyingine. Chakula chako cha sasa hakirudishi hata nusu. Potasiamu ikishuka misuli inakaza, na moyo nao ni msuli. Sijaiona chai yako, lakini chai nyingi za “kukata tumbo” zinazopita mezani kwangu zina sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu wa pwani walimpa mtu siku mbili tatu akifunga choo. Hakuna bibi aliyempa mtu sanamaki siku ishirini na moja mfululizo.

Sasa nije kwenye hiyo sumu, maana neno hili limenichosha kuliko yote katika kazi yangu.

Kila wiki nakaa na mtu anayeniambia sumu inatoka. Namuuliza, inaitwaje? Kimya. Ilikuwa imekaa wapi? “Mwilini.” Mtu mwenye sumu ya madini ya risasi, tunaweza kuipima kwenye damu na kukuambia ni kiasi gani. Aliyekunywa dawa ya wadudu, hospitali wanajua wanatafuta nini na wanampa nini. Hii ya kwenye vifurushi haina jina, haina kipimo, haijawahi kuonekana na maabara yoyote, ila inatoka kwa ratiba ya siku 21 na inajua bei yake. Taka halisi za mwili zinashughulikiwa na ini na figo usiku na mchana, bure. Figo zako ndizo zinazoteseka sasa hivi kwa kukosa maji.

Ukitaka kujua neno hili linavyofanya kazi, angalia lilivyokufanya wewe. Ukiumwa kichwa, sumu inatoka. Ukiharisha, sumu inatoka kwa wingi. Ukizimia, ulikuwa na sumu nyingi mno, ongeza kifurushi cha pili. Usipohisi chochote, basi wewe mwili wako msafi, hongera. Hakuna kitu kinachoweza kukupata ambacho kitahesabika kuwa kosa la bidhaa. Dawa za kweli zinakuja na karatasi ya madhara ndani ya boksi, imeandikwa: ukiona hili, acha, muone daktari. Hii yako imegeuza karatasi hiyo juu chini. Kila dalili ya hatari imekuwa dalili ya mafanikio, na wewe mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zako, ukalia usiku kwa maumivu ya miguu halafu asubuhi ukapokea hongera.

Hata hao waliokupa hongera siwalaumu sana. Nao wamelipa. Mtu aliyelipa laki na themanini akikubali kwamba wewe unaumwa, itabidi ajiulize kuhusu kizunguzungu chake mwenyewe.

Wapo pia wanaokuonyesha sumu kwa macho. Kuna ile mashine ya kutumbukiza miguu kwenye beseni, maji yanageuka rangi ya kutu, unaambiwa hiyo ni sumu imetokea kwenye nyayo. Niliwahi kumwomba muuzaji mmoja pale Kariakoo aiwashe bila miguu ya mtu. Alikataa mwanzoni, akasema itaharibika. Nikamwambia nitailipia ikiharibika. Akamwaga maji, akatia chumvi yake kama kawaida, akaiwasha. Tukasimama tunatazama beseni, mimi, yeye na mteja mmoja aliyekuwa anasubiri zamu. Dakika kumi na kitu maji yakawa kahawia, na mapovu machafu juu. Ni vyuma vya mashine yenyewe vinavyolika kwa umeme na chumvi. Mteja alichukua mkoba wake akaondoka. Muuzaji akaniambia, “Mama, umeniharibia siku.”

Sijui siku yake ingekuwaje kama ningefika na wale wa kunywa mafuta ya zeituni na ndimu usiku kisha wanapiga picha chooni ya “mawe ya nyongo” laini ya kijani. Mafuta hayo yakimeng'enywa tumboni na kuchanganyika na maji ya ndimu yanaganda vidonge vidonge, kama sabuni. Mawe ya nyongo ya kweli si laini namna ile. Kichekesho cha uchungu ni kwamba kupungua uzito kwa kasi kama yako kunaongeza uwezekano wa kupata mawe hayo ya kweli.

Najua utanijibu: lakini mzani umeshuka. Umeshuka, ndiyo. Tuhesabu pamoja.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Mwanamke wa kilo 92 mwenye shughuli za kawaida anatumia kama 2,000 kwa siku. Ratiba yako haizidi 500. Kwa hiyo kila siku unakopa mwilini 1,500. Siku tisa, 13,500. Gawanya kwa 7,700. Hata tukisema yote ilitoka kwenye mafuta tu, unapata kilo moja na robo tatu. Umepungua kilo 6.2. Kilo nne na nusu zilizobaki si nyama uzembe. Ini na misuli huhifadhi kama nusu kilo ya sukari, na kila gramu yake imeshika gramu kama tatu za maji; ukiacha kula wanga, vyote viwili vinaondoka siku za mwanzo, tayari kilo mbili. Zinazobaki ni maji yaliyotoka kwa kuharisha na kukojoa, utumbo uliobaki mtupu, na sehemu ya misuli yako mwenyewe. Siku utakayokula sahani ya ugali na maharage, mzani utapanda kilo mbili kwa siku mbili, na kocha atakuambia: unaona, umerudisha sumu. Kifurushi cha pili kina punguzo.

Kuhusu kapsuli siwezi kukuambia kutoka huku zina nini, lakini mdomo mkavu, usingizi kupotea na njaa kukatika kabisa ni dalili zinazonitia wasiwasi. Kuna dawa inaitwa sibutramini. Ilikuwa ikiuzwa kihalali ya kupunguza uzito, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye magonjwa ya moyo. Tangu hapo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameikamata mara nyingi imefichwa ndani ya kapsuli, kahawa na chai zilizoandikwa “mimea asilia asilimia 100”. Inapandisha presha na mapigo ya moyo. Mtu wa presha kumeza kitu kama hicho bila kujua ni jambo ambalo sipendi hata kuliwaza. Ndiyo sababu nimesema makopo usitupe.

Na cheti cha BRELA, jamani. BRELA wanasajili kampuni na majina ya biashara. Ukitaka kuuza matofali watakusajili, ukitaka kuuza maandazi watakusajili. Hawajafungua kopo wala kupima kapsuli, na wala si kazi yao. Dawa inasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chakula ni TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019. Muuzaji anayekuonyesha cheti cha BRELA au TIN anapoulizwa usalama wa dawa anajua anachofanya.

Sasa yule dada aliyeondolewa. Ningekuwa wewe, huyo ndiye ningemtafuta kwanza.

Nywele haziondoki wiki ya kwanza ya njaa. Mwili ukipata msukosuko mkubwa, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha zinadondoka baada ya miezi miwili mitatu. Yeye alimaliza mwezi wa pili, zikaanza kunyonyoka alipokwisha kusahau kifurushi. Wengi wakifika hapo wanalaumu shampuu, au wanalaumu mtu. Yeye aliunganisha mambo vizuri kuliko kocha wake, akatolewa. Mwambie kwa kawaida zinarudi akila vizuri, na asinunue mafuta ya kuotesha, hasa yakiwa yanauzwa na watu wale wale.

Mwaka 2007 huko Marekani kulikuwa na mlo wa kulipia mtandaoni ulioitwa Kimkins. Mwanzilishi, mama mmoja wa Corona, California, alidai amepungua karibu kilo 90 kwa miezi kumi na moja. Jarida la Woman's World likauweka mlo huo ukurasa wa mbele mwezi Juni, na watu wakamiminika kulipa ada. Kilichokuwa ndani ni njaa tu, siku nyingine kalori chache kama hizi zako. Wanawake wakaanza kuandika: nywele zinatoka, moyo unadunda vibaya. Waliohoji wakaondolewa. Lakini walioondolewa hawakunyamaza. Walikutana kwingine, wakalinganisha waliyoyapata, wakaanza kuzichunguza picha za “kabla na baada”. Picha za wembamba za mwanzilishi na za baadhi ya mashahidi wake zikakutwa kwenye tovuti ya wasichana wa Urusi wanaotafuta wachumba. Baadaye mpelelezi wa kukodi akampiga picha mwanzilishi mwenyewe: alikuwa bado mnene vile vile. Oktoba mwaka huo huo alifunguliwa kesi.

Waliolivunja jambo lile hawakuwa wataalamu wa lishe. Sisi mara nyingi tunafika wakati watu wameshaumia, tunaanza kufafanua potasiamu. Walikuwa ni wateja waliotukanwa kuwa hawana nidhamu, na kilichowasaidia ni kwamba malalamiko yao yalikaa mahali ambapo muuzaji hana kitufe cha kuyafuta. Grupu lenu la WhatsApp ni kinyume chake. Mirejesho unayoiona pale ni iliyobaki baada ya kuchujwa. Kati ya watu walioingia na wewe siku moja, wangapi bado wapo? Hesabu. Halafu wale waliokuwa wakiandika “nimepungua kilo 7” mwezi wa pili, waulize faragha leo wana kilo ngapi. Ukipata hata watatu wa kukujibu kwa picha ya mzani ya leo, niandikie tena.

Uzito wako wa kilo 92 na presha ni jambo la kushughulikia kweli, sikatai, na kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki linawezekana bila kulia usiku. Lakini hiyo ratiba siiandiki hapa gazetini kabla hujapimwa. Vipimo vikitoka, kliniki ya presha unakochukulia dawa waombe wakupeleke kwa mtu wa lishe wa hospitali ya mkoa. Yupo, ni vile watu hawamuulizii.

Pesa yako, kusema kweli, hesabu imekwenda, ingawa risiti za muamala wa simu na mazungumzo yote na kocha uyatunze, usifute, wala usijitoe kwenye grupu kwa hasira kabla hujapiga picha za skrini.

Mdogo wako mpigie leo, usingoje Ijumaa. Mzigo ukifika stendi auchukue kama ulivyo, asiufungue, ampelekee mfamasia wa wilaya au aupeleke ofisi ya TMDA ya kanda pamoja na namba ya simu iliyotuma. Kopo ambalo halijafunguliwa linawafaa wakaguzi kuliko lako lililokwisha nusu. Na kama ameshamuahidi jirani kumgawia chai, amwambie basi limechelewa.