Bosi anataka cheti cha ndoa kutoka kwa wafanyakazi wa kike: sheria inasemaje?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, huu ni mwaka wangu wa nne. Mwezi uliopita bosi wetu alipewa maikrofoni kwenye harusi, akasema mwanamke asiye na ndoa haaminiki na pesa, na kwamba dukani kwake anataka wake za watu, hataki "masingo maza". Mtu akarekodi, klipu ikazunguka mji mzima. Wapo walioapa kutonunua kwake hata msumari, wapo wanaokwenda makusudi kumuunga mkono. Wengine wanataka manispaa imfutie leseni. Sasa imebandikwa karatasi stoo: wafanyakazi wote wa kike walete cheti cha ndoa kabla ya mwisho wa mwezi, asiyeleta "ajipime mwenyewe". Mimi nimeishi na baba watoto wangu miaka saba, mahari ilipokelewa kwetu Newala, ila cheti hatuna. Mwenzangu aliachwa kwa maneno tu, hana karatasi ya ndoa wala ya talaka. Bosi ana haki hiyo? Na sisi tufanyeje? – Keshia, Chuno

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mji mzima unabishana kuhusu klipu, lakini mimi nataka tushughulike na karatasi ya stoo, kwa sababu ndiyo yenye tarehe ya mwisho na ndiyo inayogusa mshahara wako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu zilizotajwa humo moja moja. Zipo dini, kabila, ulemavu, ujauzito, na ipo pia hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Sihitaji kuipinda sheria ili imfikie bosi wako. Maneno yenyewe yamo. Tena wameandikiwa wanawake peke yao. Vijana wanaopakia saruji na dereva wa fuso hawakuulizwa kama wameoa. Kwa hiyo karatasi moja imebeba ubaguzi wa namna mbili, wa hali ya ndoa na wa jinsia. Kifungu hichohicho kinasema ubaguzi wa aina hiyo ni kosa, na kinamlinda hata anayeomba kazi, siyo aliyekwisha kuajiriwa tu.

Atasema keshia anashika pesa na yeye anataka mtu mwaminifu. Sheria inaruhusu mwajiri kuchagua kwa kuangalia kile ambacho kazi yenyewe inakidai. Anayetaka dereva anadai leseni ya udereva. Keshia anapimwa kwa hesabu za jioni: kilichoingia kwenye droo kinalingana na risiti au hakilingani. Miaka minne ya hesabu zako anayo mezani. Pete haijumlishi wala haitoi. Na hapa kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: ukishaonyesha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, dalili za wazi kwamba umebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye atakayetakiwa kueleza kwamba hakubagua, au kwamba kazi ililazimu.

Sasa nikuonye kuhusu njia ambayo najua inakuvutia, kwa sababu umeniandikia miaka saba na mahari. Unataka kumwonyesha bosi kwamba na wewe ni mke wa mtu. Kwa sheria una hoja nzuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila, na kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi ndoa iliyofungwa sawasawa. Hata mahari ingekuwa haijafika, kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kuwa mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka yeyote athibitishe vinginevyo. Wewe una saba. Mwenzako naye, kwa ajabu ya mambo, ikiwa ndoa yake ilifungwa kihalali, basi machoni pa sheria bado ni mke wa mtu, kwa kuwa hapa nchini ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, na aliyetamkiwa talaka sebuleni bila kufika huko hajatoka ndoani kisheria. Hilo alishughulikie kwa faida yake mwenyewe, aanzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kisha Mahakama ya Mwanzo, maana siku likizuka suala la nyumba au matunzo ya watoto litamsumbua.

Lakini msiyapeleke haya kwa bosi kama utetezi. Nakuomba sana. Siku utakapomletea barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha ndoa yako, utakuwa umekubali kwamba ana haki ya kuuliza na kwamba kigezo chake ni halali, umefaulu tu mtihani. Na kama yupo mwenzenu ambaye hajaolewa kabisa, tuseme mwenye mtoto mmoja anayelelewa na bibi, mtakuwa mmemwacha peke yake mlangoni. Jibu lenu liwe moja kwa wote: hali yetu ya ndoa haihusiani na kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Jambo hili linanigusa zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Huku kusini, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na kwa desturi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Ndoa zilishuhudiwa na wajomba, siyo na muhuri. Mpaka leo ukienda Newala, Tandahimba au Ruangwa utakuta watu wazima wenye wajukuu ambao hawajawahi kukishika cheti cha ndoa, na hakuna aliyethubutu kusema hawajaoana. Kumdai cheti mwanamke wa huku ni kumdai kitu ambacho jamii yake haikumpa. Ndiyo maana sheria inakataza pia ubaguzi usio wa moja kwa moja: sharti linaloonekana la kiofisi tu, kumbe likitekelezwa linawaangukia watu fulani.

Nisikufanye uamini kwamba kila swali kuhusu ndoa ni kosa. Mwajiri akitaka kumwandikisha mwenza wako kwenye bima ya afya, cheti kitatakiwa. Likizo ya msiba wa mwenza nayo inataka ijulikane mwenza ni nani. Huko anauliza ili akupe stahiki yako. Ya stoo inauliza ili ikutoe.

Mfanye nini? Kwanza, asiwepo atakayeandika barua ya kuacha kazi. Maneno "ajipime mwenyewe" yameandikwa hivyo ili muondoke kwa miguu yenu. Sheria inatambua kwamba mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike ameachishwa, lakini kuthibitisha hilo ni kazi ngumu kuliko kuonyesha barua ya kufukuzwa. Nendeni kazini kama kawaida, kwa wakati, na hesabu zenu ziwe safi kuliko siku zote, asipate sababu nyingine ya kuwashikia.

Pili, mjibuni kwa maandishi, kwa adabu, wote mtie saini, nakala mbaki nayo. Mistari mitano inatosha: tumeona tangazo, hali ya ndoa imetajwa na kifungu cha 7 kuwa sababu isiyoruhusiwa, tunaomba liondolewe, tunaendelea na kazi. Nakala mpelekeeni Afisa Kazi wa mkoa. Huyo ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua na kumwamuru mwajiri afuate sheria, na mara nyingi ziara moja humaliza kilichokuwa kigeuke kesi. Ningependa liishie hapo. Bosi huyu amewalipa miaka minne, na fedha za korosho zikianza kulipwa watu wa vijijini watakuja na orodha za bati na saruji. Wakati huo anamhitaji keshia anayezijua bei kichwani kuliko anavyokihitaji cheti cha mtu.

Akifukuza, hesabuni siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, pamoja na ya ubaguzi kwa aliye bado kazini, ni siku 60 tangu mgogoro kutokea. Mnajaza fomu namba moja ya Tume, nakala mnamkabidhi mwajiri na mnabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Ada hakuna. Huanza na usuluhishi, ambao umepewa siku 30, na usipofanikiwa ndipo mnasonga mbele kulingana na aina ya dai. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa sababu nzito, na "nilikuwa namsubiri atulie" siyo sababu. Kama yupo binti aliyeajiriwa hivi karibuni, ambaye hajatimiza miezi 6, huyo hawezi kutumia madai ya kuachishwa isivyo halali; aingie kwa mlango wa ubaguzi. Na kama hamkupewa mikataba ya maandishi msiogope: kutoa maandishi hayo ni wajibu wa mwajiri, na pakiwa na ubishi kuhusu masharti ya ajira yeye ndiye wa kuthibitisha.

Sasa klipu na leseni. Hapa najua baadhi ya wasomaji wangu watanikasirikia. Bosi wako ana haki ya kuamini anachoamini kuhusu ndoa na kukisema harusini. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa maoni, na ya 19 uhuru wa imani. Mimi naona alichosema kimewaumiza wanawake wanaolea watoto peke yao kwa jasho la halali, na ningemwambia hivyo ana kwa ana. Lakini leseni ya biashara hutolewa kwa sheria ya mwaka 1972 kwa kuangalia biashara yenyewe, mahali ilipo na kodi zake, siyo mawazo ya mwenyewe. Mwaka 2012 Marekani walilipitia jambo la jamaa yake. Mkuu wa kampuni ya kuku ya Chick-fil-A, Dan Cathy, alisema hadharani kwamba anaunga mkono familia kwa maana ya Biblia, kauli iliyochukuliwa kuwa ya kupinga ndoa za jinsia moja, ambazo ndizo zilikuwa zikibishaniwa kwao. Meya wa Boston, Thomas Menino, akasema hataitaka kampuni hiyo mjini mwake, kisha akakiri kwamba hana mamlaka ya kuizuia. Waliokasirika waligoma kununua, waliomuunga mkono walipanga foleni Agosti 1. Ule wa wanunuzi ulikuwa ugomvi wa raia kwa raia, kila mtu na mfuko wake. Manispaa inayofuta leseni kwa sababu ya maoni leo itafuta ya mama ntilie kesho kwa maoni yake.

Kwa hiyo anayeona uchungu asinunue, na amweleze jirani kwa nini. Asizuie wateja mlangoni, asirushe jiwe, asimtukane mtandaoni, kwani hapo polisi watakuja kwake na ubaguzi wa stoo utasahaulika. Klipu yenyewe itunzeni. Ni ushahidi unaoeleza karatasi ilitoka kwenye fikra gani, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, mradi ionekane haikuchezewa. Iliyotumwa kutoka kundi hadi kundi ni dhaifu. Mtafuteni aliyerekodi, asiifute kwenye simu yake.

Ile karatasi nayo ipige picha leo, kabla haijabanduliwa, tarehe na muhuri wa duka vionekane. Kisha njooni na wenzako wote, siyo wewe na yule aliyeachwa tu.