Maswali na Majibu: Mwananchi Katika Bodi ya Ushauri ya Chuo Kikuu

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu vyuo vikuu vya Nyanza na Magharibi mwa Kenya vinavyowaita majirani wao, yaani wakulima, wafanyabiashara, wazee na vijana, kuketi katika bodi za ushauri. Barua zilizokuja zimenionyesha kwamba wengi wamekubali mwaliko kabla ya kuelezwa kazi yenyewe. Mimi mwenyewe nilihudumu katika bodi ya namna hiyo kwa miaka sita, katika chuo ambacho sitakitaja, na nitajibu kwa kadiri ya niliyoyaona huko na ya sheria ninazozijua.

Mwalimu, nimepata barua ya kunialika katika bodi ya ushauri ya jamii ya chuo kikuu jirani. Watu wananipongeza kwamba sasa mimi ni mkubwa wa chuo. Je, bodi hii ndiyo Baraza la Chuo? – Mkulima, Luanda

Hongera, ndugu yangu, lakini waeleze jirani zako ukweli mapema, kwa sababu matumaini yasiyo na msingi ndiyo yatakayokuchosha baadaye. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, chuo kikuu cha umma husimamiwa na Baraza ambalo wajumbe wake huteuliwa na Waziri, nalo lina wawakilishi wa wizara ya elimu na ya fedha, huku Makamu Mkuu wa Chuo akiwa katibu. Baraza ndilo linaloajiri, linalosimamia mali na kupitisha bajeti. Seneti, ambayo ni ya wanataaluma, husimamia masomo, mitihani na utoaji wa shahada. Bodi yako haimo katika ngazi hizo. Kwa kawaida huundwa na chuo chenyewe ili kisikie jamii inasema nini, na haina kura ya kuajiri mtu, kubadilisha karo wala kuuza hata ndama mmoja wa shamba la chuo.

Hata hivyo usiende kama mgeni. Katika eneo letu wananchi walichanga fedha ili elimu ya juu iwepo kabla ya Serikali kuileta: Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega kilikua kutoka WECO, chuo kilichoanzishwa kwa harambee katika miaka ya sabini, na RIAT, chuo cha ufundi cha Kisumu, ni zao la harambee za wakati huohuo. Mkulima anapoketi katika chumba cha mikutano cha chuo kikuu anaendeleza jambo ambalo wazazi wake walilianza.

Kabla ya kutia sahihi, omba hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na mipaka ya bodi, kwa maandishi. Soma uone muda wako ni wa miaka mingapi, mikutano ni mara ngapi kwa mwaka, na hasa ushauri wenu unapelekwa kwa nani baada ya mkutano kufungwa. Barua isiyosema ni nani atakayeusoma ushauri inahitaji kurudishwa na swali hilo limeandikwa juu yake.

Niliishia darasa la nane, na mimi huuza mboga na omena sokoni. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na tulipewa makaratasi mengi pale pale mlangoni. Nilinyamaza. Je, nijiuzulu? – Mama, Maseno

Usijiuzulu, Mama. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Ukizungumza Kiswahili katika kikao cha taasisi ya umma huombi upendeleo wowote. Mwandikie katibu wa bodi sentensi mbili tu: kwamba unaomba makaratasi siku saba kabla ya mkutano, na kwamba unaomba muhtasari wake wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Niliwahi kuona ombi kama hilo likiwasilishwa na mjumbe aliyekuwa fundi wa baiskeli, na muhtasari ulipoanza kuletwa, hata maprofesa wawili waliusoma huo na kuyaacha yale makaratasi mengine.

Kuhusu elimu yako, nataka ufikirie daftari lako la madeni. Mkopo wa HELB, bodi ya Serikali inayowakopesha wanafunzi, ukichelewa, wewe unajua kabla ya msimamizi wa wanafunzi kujua, kwa kuwa majina katika daftari lile yanaongezeka, wateja wanahama kutoka nyama kwenda omena, halafu kutoka omena kwenda sukuma wiki peke yake, na mwishowe wengine hawaonekani kabisa. Unajua ni nyumba zipi za kupanga ambazo hazina maji, na ni kichochoro kipi ambacho wasichana hawakipiti baada ya saa moja jioni. Mambo haya hayamo katika ripoti yoyote ya chuo. Andika manne au matano kabla ya kikao, bila majina ya wanafunzi, useme umeyaona lini na mara ngapi. Mjumbe anayesema "wanafunzi wanateseka" hujibiwa kwa pole. Lakini anayesema kwamba katika wiki tatu za kwanza za muhula wanafunzi kumi na tisa walikopa chakula kwenye kibanda kimoja, huyo huulizwa maswali, na maswali ndiyo mwanzo wa kazi.

Tumekutana mara tano. Tunasema, wanaitikia, tunapigwa picha, tunakula, tunarudi nyumbani. Hakuna hata jambo moja lililotekelezwa. Tunatumiwa tu? – Mzee, Bondo

Mzee wangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, na nitalijibu kwa kirefu.

Mwaka wangu wa kwanza, chuo kilikuwa kimejenga ukuta uliokata njia ya kina mama kwenda kwenye chemchemi. Walilazimika kuzunguka karibu nusu saa na mitungi kichwani. Nilililalamikia jambo hilo chini ya "Mengineyo", sehemu ya mwisho ya ajenda, saa saba kasorobo, huku sahani zikisikika zikipangwa chumba cha pili na nusu ya wajumbe wakitazama mlango. Kila mtu alitikisa kichwa kwa huzuni. Kumbukumbu za mkutano zilipokuja miezi mitatu baadaye, maneno yangu yote yalikuwa yamegeuka sentensi moja: "Mjumbe mmoja alizungumzia uhusiano wa chuo na majirani." Hakukuwa na ukuta, hakukuwa na chemchemi, hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Nilikasirika, lakini nilipotulia nilitambua kwamba katibu hakuwa amenidhulumu kwa makusudi. Nilikuwa nimesimulia uchungu, wala sikuwa nimeomba chochote kinachoweza kuandikwa.

Mkutano uliofuata, tulipofika kwenye kuthibitisha kumbukumbu, niliomba sentensi ile isahihishwe kabla haijathibitishwa. Nilikuwa na karatasi mkononi. Ilisema njia inatoka wapi na kufika wapi, ni kaya zipi zinazoitegemea, kwamba tunaomba lango dogo litakalofunguliwa tangu alfajiri hadi magharibi, na kwamba tunaomba msimamizi wa majengo alete jibu katika mkutano utakaofuata. Mwenyekiti alikubali. Tangu siku hiyo jambo lile lilihamia kwenye "Yatokanayo", sehemu ya ajenda ya mambo yaliyotokana na mkutano uliopita, na ubora wa "Yatokanayo" ni kwamba jambo haliondoki pale mpaka lijibiwe. Kila mkutano lilisomwa kwa sauti, na kila mara ilibidi mtu fulani aeleze limefikia wapi. Lango lilijengwa baada ya miezi kumi na mmoja. Halikuwekwa mahali tulipotaka, kwa sababu askari walikuwa na hoja ya usalama ambayo hatukuifahamu mwanzoni, na ufunguo wake mpaka leo unakaa kwa mlinzi. Lakini kina mama wanapita.

Kwa hiyo, Mzee, kabla ya kusema mnatumiwa, chukua kumbukumbu za mikutano yote mitano uketi nazo na kalamu. Tazama ni mashauri mangapi yameandikwa kwa namna inayoonyesha nani anatakiwa kufanya nini na kufikia lini. Yasiyoandikwa hivyo, yaandike upya wewe na wenzako, mwombe yaingizwe mapema katika ajenda, yasingoje "Mengineyo". Bodi ya ushauri haiwezi kulazimisha uamuzi, lakini inaweza kudai jibu, na hata jibu la "hapana" lenye sababu ni mali, kwa sababu utalipeleka barazani kwa chifu na wananchi wataweza kulijadili.

Ikiwa kumbukumbu zenyewe zinafichwa, au jibu haliji, kumbuka kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na chuo kikuu cha umma kimo humo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Ukinyimwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, nayo ina afisi Kisumu. Sikushauri uanzie huko. Vyuo vingi hujibu vizuri vikiulizwa vizuri, na barua ya mashtaka inayotangulia barua ya swali huvunja uhusiano ambao kijiji kitauhitaji kwa miaka mingi.

Mimi ni mwendeshaji boda boda na nimo katika bodi. Binamu yangu anataka nimtafutie kazi ya ulinzi chuoni, na wenzangu wa steji wanasema lazima ninakula huko. Nifanye nini? – Kijana, Kakamega

Binamu yako mwambie ukweli, kwamba bodi haiajiri. Kazi ikitangazwa, bandika tangazo pale steji ili walione wote, na yeye aombe kama wengine. Iwapo yeye au mtu wa nyumbani kwako ana zabuni au ombi linalojadiliwa, lieleze hilo mwanzoni mwa mkutano, toka nje, na uhakikishe imeandikwa kwamba ulitoka. Wenzako wa steji wana msaada bora zaidi unaoweza kuwapa kuliko kumnong'onezea mtu: wakumbushe kwamba sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kwamba kikundi kilichosajiliwa kinaweza kushindania kazi za chuo kwa haki.

Kuhusu kula, waambie ni shilingi ngapi unazopewa za nauli na posho. Taja kiasi kamili. Mimi nilikitaja changu barazani kwa chifu mwaka wa kwanza na sikuulizwa tena.

Ninahudumu kama mhamasishaji wa afya ya jamii, na pia nimo katika bodi inayoshauri watafiti. Mtafiti mmoja alisema kwamba kwa kuwa bodi imekubali, kijiji kimekubali. Ni kweli? – Dada, Gem

Si kweli, dada yangu, na ulifanya vyema kutilia shaka. Kaunti yako ya Siaya inaijua kazi ya utafiti kuliko sehemu nyingi za nchi: ni wakazi wa Asembo na Gem walioshiriki katika majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa katika miaka ya tisini, ambayo yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vinapungua, na faida yake imefika mbali kupita Siaya. Heshima kama hiyo hulindwa kwa idhini ya mtu mmoja mmoja, mzazi kwa mzazi.

Bodi inaweza kumweleza mtafiti kwamba fomu yake haieleweki, kwamba kuchukua damu kunazua hofu fulani hapa kijijini, au kwamba msimu wa kupalilia si wakati wa kuita watu mikutanoni. Haiwezi kukubali kwa niaba ya mtu mzima yeyote, wala kumfanya aliyekataa aonekane mkaidi. Omba kuona idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, ambazo mtafiti anapaswa kuwa nazo, kisha mwulize ni lini atarudi kuwaeleza watu matokeo. Swali hilo la mwisho liandikwe pamoja na tarehe.

Nimekaa katika bodi miaka tisa na hakuna aliyeniambia niondoke. Je, niendelee? – Mstaafu, Kisumu

Hapana, Mzee. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuteuliwa, na inataka nafasi zifikie asilimia tano kwa watu wenye ulemavu; tazama meza yenu, uone ni nani hayupo, kisha mpendekeze huyo achukue kiti chako. Hudhuria naye mkutano mmoja. Mkabidhi faili lako lenye kumbukumbu zote za miaka tisa, na umwekee alama kwa kalamu nyekundu kwenye kila jambo ambalo bado limo katika "Yatokanayo".