Wiki moja kutoka Dallas: achaneni na Grand Canyon, pitieni Oklahoma

Mkuu, umesema baada ya harusi ya Dallas mna wiki moja na gari la kukodi, na mnataka kufika Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, na kurudi. Mtafika, ila mtakachoona ni lami. Naishi Texas, njia hiyo naijua. Ningekuwa wewe ningegeuzia New Mexico.

Anzeni na Tulsa, Oklahoma, mwendo wa kama saa nne kwa gari. Nendeni Greenwood, mtaa wa biashara wa Wamarekani Weusi uliochomwa na kundi la Wazungu tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Tembeeni kwa miguu mkiangalia chini: kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna vibao vya chuma vyenye majina ya maduka na ofisi zilizokuwa hapo, na kama zilifunguliwa tena. Mtatembea polepole bila kuambiwa. Jirani hapo, Catoosa, kuna nyangumi wa buluu wa zege ambaye mzee mmoja alimjengea mkewe kama zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao. Shemeji akimwona, jiandae kudaiwa na wewe.

Tulsa kwenda Oklahoma City msipite barabara ya kulipia. Hakuna kibanda cha kulipa taslimu, kamera inanasa namba ya gari, bili inaenda kwa wenye gari, nao wanaweza kukuongezea ada yao. Shikeni Route 66, ile barabara kuu ya zamani. Karibu na Luther mtakiona kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, Weusi waliowauzia mafuta wasafiri wenzao enzi za ubaguzi. Mbele, Arcadia, kuna ghala la mviringo la mwaka 1898.

Mkirudi Texas, Amarillo laleni usiku mbili. Gari 10 za Cadillac zilizofukiwa pua chini shambani tangu 1974 ni kituko kizuri: kila mtu anakuja na kopo lake la rangi na kupulizia, mpaka bati lenyewe halionekani. Simameni upande upepo unakotoka, la sivyo mtarudi na nguo za madoa. Kuna pia hoteli ya nyama ya kilo mbili, bure ukiimaliza pamoja na vikorombwezo vyake ndani ya saa moja, kaangalieni wengine wakihangaika.

Kilichonifanya niseme muiache Grand Canyon ni korongo la Palo Duro, kama kilomita 40 kutoka Amarillo. Ni dogo kuliko lile, sawa, lakini barabara inashuka na gari lako hadi chini kabisa, kuta nyekundu zikiwa juu yenu. Nendeni asubuhi, mchana wa kiangazi jua la kule halina huruma.

Malizieni New Mexico: Tucumcari usiku, taa za neoni za moteli za zamani zikiwaka, kisha Santa Fe.

Mafuta: kadi ya benki ya nyumbani pampu inaweza kuikataa, maana inadai msimbo wa posta wa Marekani. Ingia ndani, mtajie keshia namba ya pampu na kiasi, lipa, ndipo ujaze. Ukishaingia New Mexico usisubiri tenki lifike robo.