Mashine ya kufinyanga plastiki nyumbani: pampu iache mwisho

Watu wakiiona mashine yangu ya kufinyanga plastiki kwa kufyonza hewa, swali la kwanza huwa ni pampu: ni ya aina gani, ina nguvu kiasi gani? Jibu langu huwavunja moyo. Ni mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, ile ya kusafishia mazulia. Kama unataka kujitengenezea mashine ya kufinyangia vinyago vya kuvaa, bodi za magari ya mfano au vifuniko vya vifaa vya umeme, hangaika na joto na uvujaji wa hewa kwanza.

Kazi yenyewe inaelezeka haraka. Shiti ya plastiki hubanwa kwenye fremu, hupashwa moto kwenye oveni au hita mpaka ilegee, kisha hushushwa juu ya kalibu iliyokaa kwenye kisanduku chenye matundu. Hewa ya chini ikifyonzwa, hewa ya juu ndiyo inayoikandamiza plastiki. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kifyonza cha nyumbani huenda kikakupa sehemu moja ya tano tu ya hiyo, lakini kwa shiti ya sentimita 30 kwa 30 tayari ni uzito wa kilo 180 hivi. Pampu halisi huvuta zaidi, ila nyingi huvuta polepole, na plastiki haisubiri: ikishatoka motoni ina sekunde chache tu kabla ya kukakamaa. Ndiyo maana wenye pampu huiunganisha na tangi lililokwisha kutolewa hewa. Mambo ya baadaye hayo.

Kisanduku kitengeneze kwa MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. Kina cha uwazi wa ndani kisizidi sentimita 2, maana kila hewa ya ziada humo itabidi ivutwe kwanza. Toboa matundu ya milimita 3 juu, ziba maungio yote kwa silikoni, na ukingoni bandika sponji ya kuzibia milango. Kisha jaribu na shiti baridi: iweke juu, washa kifyonza, usikilize mota. Mlio ukipanda na kuwa mwembamba, kisanduku hakivuji. Usipobadilika, kuna mahali kinavuja.

Fremu ndiyo ya kugharamia. Plastiki ikipata moto hujikunja na kujivuta, hivyo vibanio vichache havitaishika. Mimi natumia fremu mbili za alumini ya pembe zenye vibanio vya chuma pande zote nne. Na pima oveni kabla ya kukata alumini! Oveni hiyo isiwe ya chakula. Ukijenga hita yako mwenyewe, zisogeze koili zikaribiane zaidi pembeni, kwa kuwa kingo hupoteza joto upesi kuliko katikati, na chuma chote kiungwe na waya wa ethi.

Muda wa kupasha siusomi kwenye saa, naisoma shiti. Polistairini ngumu, ile HIPS, kwanza hufanya mawimbi. Wanaoanza huona mawimbi hayo wakadhani iko tayari, bado. Baada ya hapo hujinyoosha tena na kukaza kama ngozi ya ngoma, halafu ndipo katikati huanza kushuka. Kwa shiti ya sentimita 30, ikishuka sentimita 2 au 3, itoe, ishushe, washa. Usitue kati ya hatua hizo.

Anza na HIPS ya milimita 1. Ukitaka kitu kinachoonyesha kama kioo, nenda PETG, plastiki ya jamii ya chupa za maji. Plastiki za ABS na polikaboneti hufyonza unyevu, na zisipokaushwa vizuri hutoa mapovu. PVC mimi siigusi: ikizidi moto hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Madirisha yawe wazi hata kwa plastiki nyingine.

Kalibu iwe na mteremko wa nyuzi 3 hadi 5 kila upande, bila sehemu inayorudi ndani, la sivyo haitatoka. Mbao nzuri, plasta iliyokauka kabisa nzuri pia. Kalibu ya PLA, plastiki ya printa ya 3D, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo chapisha kuta nene na uiache ipoe kila baada ya kufinyanga. Mabonde yatoboe kwa biti ya milimita 1, kisha inyanyue kalibu kidogo juu ya kisanduku ili upate mstari safi wa kukatia. Kalibu ndefu na nyembamba huzaa mikunjo pembeni, na plastiki huzidi kukonda: eneo likiongezeka mara mbili, unene hubaki nusu.

Ikikataa kutoka, usiichokoe kwa bisibisi. Mimi huhamishia hosi kwenye tundu la kutolea hewa la kifyonza, nikapuliza kupitia matundu yale yale, na kalibu huachia.